Rampu Iliyompendeza Ng'ombe

Nilikuwa mtu wa kubebwa. Naandika hivyo bila haya kwa sababu ndivyo mambo yalivyokuwa kwa zaidi ya miaka miwili katika tawi letu dogo la chuo kikuu pale Garsen. Wavulana wanne wa darasa langu walikuwa wakikishika kiti changu cha magurudumu, wawili mbele na wawili nyuma, mmoja anahesabu moja, mbili, tatu, nami napaa ngazi sita hadi barazani. Jengo hilo ndilo lenye maktaba na chumba cha kompyuta. Mchana tunashuka vilevile, mimi nikitazama mbingu kama bi harusi.

Ngazi zenyewe hazikujengwa kwa ubaya. Watu wa huku tunaujua mto Tana. Ukiamua kutoka kitandani kwake hauombi ruhusa, kwa hiyo kitu chochote tunachokipenda hukiinua kwanza, kisha ndiyo tunakiezeka. Msingi wa maktaba ukapandishwa mpaka usawa wa kiuno cha mtu mrefu, na mafuriko yalipokuja hakuna kitabu hata kimoja kilicholowa. Ilikuwa kazi nzuri. Ila aliyechora hakufikiri kwamba siku moja binti mmoja wa kijiji cha Ngao, ambaye miguu yake iliacha kumsikiliza akiwa na miaka tisa, angetaka kuingia humo kusoma.

Wale wavulana walikuwa watu wazuri, sitawasema. Lakini hebu jaribu kugombana na mtu maktabani, ukasirike kikweli, kisha utake kuondoka kwa kishindo, na kumbe unahitaji watu wanne wa kukuondoa. Nimewahi kukaa nusu saa nzima meza moja na msichana niliyemwambia sitaki kumwona tena, tukiwangoja wabebaji wangu wamalize kunywa chai. Mwishowe tukapatana kwa kuchoka tu.

Basi asubuhi moja ya kiangazi, tukiwa ngazi ya nne, ndala ya mmoja wao ilikatika mkanda. Kiti kikalala upande, nami nikawaangukia. Nilipasuka mdomo, mwenzetu mmoja akateguka kifundo cha mkono, na kiti kikashuka chenyewe hadi chini kikasimama wima, kizima, kana kwamba kimepumzika. Kesho yake barua ikabandikwa ubaoni: ni marufuku mwanafunzi kubebwa ngazini.

Mkuu wa tawi akaniita ofisini. Ni mama asiyependa maneno mengi, na siku hiyo alinihesabia mambo kwa vidole.

"Rampu ya kupandishia kiti chako imeshaidhinishwa, saruji inakuja," alisema. "Mitihani mingine yote utafanyia chini, kwenye ile stoo. Lakini ule wa kompyuta haufanyiki stoo. Mashine zote ziko juu na nyaya zake zimefungwa ukutani. Kama rampu haitakuwa tayari siku hiyo, binti yangu, itabidi uahirishe mwaka."

"Mwaka mzima, mama?"

"Somo hilo linatahiniwa mara moja kwa mwaka. Unajua."

Nilijua. Nilijua pia kwamba wenzangu wangemaliza nami nibaki, na kwamba mama yangu pale Ngao alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa shambani kwamba mwakani ana sherehe. Nilisema sitaahirisha. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na mama mkuu akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Haya. Basi na tujenge."

Ikaundwa kamati, na katika kamati hiyo wanafunzi tulikuwa wawili: mimi, na rafiki yangu wa kijiji cha Wema, kijana asiyeona, mwanafunzi wa ualimu mwenye fimbo nyeupe na ulimi usiolala. Tulipoulizwa tunataka nini, alisema yeye anataka tu watu waache kuegesha pikipiki mahali ambapo jana hapakuwa na pikipiki. Mimi nikasema, zaidi ya rampu, njia ngumu isiyo na matope kutoka bwenini, na choo ambacho mlango wake unanipitisha.

Choo kilikuwa cha kwanza kumalizika. Jamani, mwenye kuingia chooni kila siku bila kufikiri hawezi kujua furaha ile. Mlango mpana, chuma cha kushikilia ukutani, na komeo mahali ninapofika kwa mkono. Siku ya kwanza nilijifungia humo nikaimba nyimbo tatu za kwaya mpaka mtu akabisha kuuliza kama niko salama. Nilikuwa salama salimini. Sikuwa na haja yoyote ya choo, nilikuwa natumia komeo tu.

Kisha akaja fundi. Alikuwa mtu wa Kulesa, wa makamo, mwenye sifa Garsen nzima kwa kuwa kazi yake haipasuki. Tulifurahi mno kuona mifuko ya saruji ikishushwa, hata hakuna aliyekumbuka kumuuliza fundi ana rampu gani kichwani. Yeye naye hakuuliza. Aliambiwa "jenga rampu", akajibu "rampu naijua", na kila mtu akaenda zake. Mimi mwenyewe nilikuwa Ngao wiki hiyo, mdomo unapona, nakula uji wa mchele na kujisifia choo.

Niliporudi ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa wamekusanyika nijaribu. Nilikiona kile kitu tangu getini. Kilikuwa kimesimama kama kichuguu. Kila shubiri moja kilikuwa na tuta la saruji lililokatiza kutoka upande hadi upande, tuta baada ya tuta mpaka juu, na pembeni kuta mbili za kufika kifuani. Mtu yeyote aliyewahi kupita soko la mifugo la Garsen siku ya mnada anakijua kitu hicho. Ndiyo rampu ya kupandishia ng'ombe kwenye lori la Mombasa. Matuta ni ya kwato zisiteleze, kuta ni ili mnyama asiruke pembeni. Na aliyeijenga ile ya sokoni, nikaja kuambiwa, ni fundi huyuhuyu.

"Karibu, binti yangu," alisema akipangusa mikono, uso unang'aa. "Hapa hata fahali mwenye hasira hatelezi."

Nikasukuma. Magurudumu madogo ya mbele yakagonga tuta la kwanza yakakataa. Nikarudi nyuma, nikaja kwa kasi, nikalivuka, nikakwama kati ya la kwanza na la pili, mbele nimezuiwa na nyuma nimezuiwa. Mikono ilianza kutetemeka kwa ule mwinuko. Wavulana wawili wakasogea kuninyanyua.

"Msiniguse!" nikapiga kelele.

Mama mkuu akafunga faili lake polepole. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, na sote pale tulikuwa tunazihesabu.

"Unasukuma vibaya," fundi akasema. "Inama mbele."

Hapo hasira zangu zikanitoka. "Fundi," nikasema, na nikahakikisha wa nyuma wananisikia, "wewe umenijengea njia ya kwenda Mombasa kuchinjwa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Fundi hakucheka. Aliokota mwiko wake, akaufuta kwa kitambaa, akaondoka bila kuaga, toroli lake likabaki palepale. Nilijiona mjanja saa moja hivi. Baadaye nikakumbuka uso wake aliponikaribisha, nikaona aibu, tena aibu yenye hofu ndani yake, kwa sababu mafundi wengine wote mama mkuu aliowapigia simu walikuwa na kazi kwingine. Nilikuwa nimechekesha watu kwa gharama ya mwaka wangu mwenyewe.

Siku mbili zikapita hivyo. Ya tatu, asubuhi, fundi alikuja kuchukua toroli lake. Alipita kando yangu kama apitaye kando ya nguzo. Nilikuwa nimekaa mbele ya ile rampu nikitafuta namna ya kuanza kuomba msamaha, na rafiki yangu wa Wema yuko karibu nami ananong'ona, "Sema, dada, sema, anaondoka," ndipo wakaja ng'ombe.

Kiangazi mifugo ya Waorma, wafugaji wa huku, hushuka kuelekea delta ya mto kwenye majani na maji, na ua wetu wa miti upande wa mashariki una pengo ambalo kila mwaka tunasema tutaliziba. Walipita taratibu, kichwa chini, wakichuma kilichochumika. Ng'ombe mmoja mwekundu mwenye nundu aliinua uso, akaiona rampu. Sijui niseme aliifikiria, lakini alisimama akaitazama vizuri kabisa. Kisha akaikanyaga. Kwato ikaingia katikati ya matuta kama ufunguo, ya pili ikafuata, na mnyama yule akapanda moja kwa moja bila kuambiwa na mtu, akafika barazani, akasimama mlangoni pa maktaba anatazama ndani. Wa pili akamfuata. Wa tatu naye akapanda, akasimama katikati ya rampu kwa vile juu palikuwa pameshajaa.

Ndani ya maktaba wanafunzi walianza kupiga mayowe. Mmoja akatoa kichwa dirishani akaita, "Manze, kuna ng'ombe huku! Imeblock mlango!"

Mchungaji akaja mbio, mtu mzima, fimbo begani, anaomba radhi kwa kila mtu. Lakini alipofika kwenye rampu alisahau radhi. Aliinama akapapasa tuta moja kwa kiganja, akapapasa la pili, akagonga ukuta kwa fimbo.

"Hii kitu nani ametengeneza?" akauliza.

Fundi alikuwa ameshika toroli kwa mikono miwili, anatazama chini.

"Nauliza kwa uzuri, jamani. Ng'ombe yangu inaenda soko kila wiki. Ile ya soko iko sawa, lakini hii imepita. Hii iko mzuri sana!"

Nilimwona fundi mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko, kimemshika tumboni, akaliachia toroli, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akacheka mpaka akavua kofia ajipepee. Rafiki yangu wa Wema, ambaye hakuona chochote ila alikuwa amesikia kila kitu, alikuwa ameegemea kiti changu hoi. Mimi machozi yalinitoka. Mchungaji alitutazama mmoja mmoja, akaamua watu wa chuo ndivyo walivyo.

Kuwashusha ilikuwa kazi nyingine, maana ng'ombe kurudi kinyumenyume hataki. Ilibidi yule wa katikati abembelezwe apande naye, kisha wote watatu wageuzwe pale barazani, na katika kugeuka huko yule mwekundu akaacha kumbukumbu yake mbele ya mlango wa maktaba. Walipoondoka nilijisogeza hadi kwa fundi.

"Fundi, nisamehe," nikasema. "Nilikutukana mbele za watu."

"Ulisema kweli," akajibu akijipangusa macho. "Ila ulisema vibaya."

"Nilisema vibaya."

Halafu akasema, "Shuka kwenye hicho kiti, binti yangu. Nipe nikae."

Nikahamia kwenye benchi, fundi akakaa kitini. Aliyashika magurudumu kama mtu anayeshika kitu cha moto, akasukuma, akaenda kulia moja kwa moja mpaka kwenye ua wa maua. Tukamrudisha. Akaielekea rampu yake. Tuta la kwanza likamkataa. Akainama mbele kama alivyonifundisha mimi, likamkataa. Akaja kwa kasi, akakwama palepale nilipokwama, na mikono yake, mikono ya mtu aliyebeba mawe maisha yake yote, ikaanza kutetemeka. Alikaa pale muda mrefu. Aliposhuka ndipo alipoanza kuniuliza maswali ambayo tungepaswa kuulizana tangu mwanzo: upana wa kiti, mkono unafika wapi, nikichoka nafanyaje, kiti kikirudi nyuma nakishikaje. Nilimwambia kila hatua moja ya kwenda juu inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Akapima kwa macho kutoka barazani, akapiga mluzi.

"Itafika kwenye gari la mama mkuu," akasema.

Ilifika kwenye gari la mama mkuu. Mama mkuu mwenyewe akaamuru king'olewe kibanda chake cha kuegeshea gari alichokuwa akikipenda sana, akaenda kuegesha juani kama sisi wengine.

Ikabaki hoja ya matuta. Fundi alikwisha kushika nyundo na tindo rafiki yangu wa Wema aliposema, "Ngojeni kwanza. Hayo matuta msiyaondoe yote."

"Wewe nawe!" nikamgeukia. "Uko upande wa ng'ombe?"

"Niko upande wangu. Chuo hiki chote kimya, dada. Hayo matuta ndiyo kitu cha pekee kinachoisemesha fimbo yangu. Juzi nilipanda na kushuka mara nne, nilikuwa najua niko wapi."

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nimeshughulika na magurudumu yangu tu, na kwa miaka miwili nimejiona ndiye mwenye kusahauliwa. Tukabishana, fundi akiwa katikati yetu, mpaka ikapatikana njia: rampu mpya iwe laini, na upande mmoja, kandokando ya chuma cha kushikilia, uachwe ukanda mwembamba wa matuta madogo kutoka chini hadi juu. Mimi nipite kwangu, fimbo ipite kwake.

Kazi ikaanza upya, na fundi sasa hakutaka kukosea. Akaleta mpira mrefu unaopitisha mwanga, akaujaza maji, mimi nashika ncha moja na rafiki yangu ya pili, fundi anasoma usawa wa maji na kupiga alama. Akashindilia udongo, akatandaza mbao juu yake kabla ya kumwaga zege, akaniita.

"Binti, panda."

Nikapanda juu ya mbao.

"Mkono unalalamika?"

"Hapa unalalamika kidogo."

Akaongeza udongo, akalaza mbao tena. "Na sasa?"

"Sasa umenyamaza."

Hivyo hivyo, kipande kwa kipande, siku nne nzima. Pale rampu ilipokata kona aliweka sehemu tambarare ya kupumzika bila kuambiwa, akanieleza kwamba siku ile alipokaa kitini alijua mikono inavyochoka. Nilikuwa na misuli inayouma mpaka mgongoni na sijawahi kuwa na furaha ya mfululizo kama ya siku zile. Hofu ilikuwepo. Kila nikiona wingu upande wa bahari nilikuwa nahesabu siku upya. Lakini hofu na furaha zilikaa chumba kimoja bila kugombana.

Zege likamwagwa, likafunikwa magunia mabichi, na darasa zima likagawana zamu za kuyamwagilia maji. Fundi akatoa amri moja: hakuna kupanda hadi aseme yeye. Siku ya tano nikamwomba. Akasema saruji haijakubali. Siku ya saba nikamwomba tena, nikasema mtihani ni kesho, fundi, je, kesho ikinikataa? Akasema, "Kesho njoo mapema."

Nilikwenda mapema, na yeye alikuwa ameshafika kabla yangu. Aliondoa magunia moja moja, akafagia rampu yote kwa mfagio wa ukindu, akasimama pembeni, mikono nyuma. Wale wavulana wanne walikuwa wamesimama karibu na ngazi, bado wana tabia hiyo ya kuningoja, na mmoja alikuwa anakunja na kukunjua vidole. Nilimwona mama mkuu dirishani anajifanya anasoma.

Nikasukuma. Magurudumu ya mbele yakapanda saruji bila hata mtikisiko. Nikasukuma tena, na tena. Nilikuwa naogopa kuangalia juu, kwa hiyo nilitazama saruji ikipita chini yangu, kijivu, laini, na ukanda wa rafiki yangu ukipita kando. Nikafika kwenye kona, nikapumzika kwa kuwa paliwekwa pa kupumzika, nikageuka, nikaendelea. Kisha hapakuwa na mwinuko tena. Nilikuwa barazani. Nilikuwa peke yangu barazani na hakuna mtu aliyekuwa anahema nyuma ya shingo yangu.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi, wenzangu wanaingia. Mtu mwenye akili zake angeingia. Mimi nikageuza kiti nikashuka.

"Kuna nini?" fundi akanikimbilia, uso umembadilika. "Imekukataa wapi?"

"Haijanikataa popote, fundi."

"Sasa unashukia nini?"

"Nataka kupanda."

Nikapanda mara ya pili, na safari hii niliangalia juu, na pembeni, nikasimama kwenye kona si kwa uchovu, bali ili nitazame. Nilipoufikia mlango ulikuwa umeshafungwa. Nikabisha.

Msimamizi aliyefungua alikuwa mgeni, ametumwa kutoka kampasi kuu, hakunijua wala hakujua lolote lililotokea pale. Alinitazama, akatazama saa ya mkononi.

"Umechelewa," akasema kwa ukali. "Wenzako wote wameshakaa. Unadhani mtihani unakungoja wewe?"

Darasa zima likageuka. Hakuuliza nimefikaje, hakunionea huruma, hakutafuta mtu wa kunisaidia. Alikuwa amekasirika tu, kama anavyokasirika kwa mwanafunzi yeyote mzembe mwenye miguu yake.

"Samahani sana, mwalimu," nikasema, na nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. "Ni kosa langu mwenyewe."

"Kaa," akasema, akanionyesha kwa kidole kompyuta ya mwisho, nami nikaiendea.